Shukrani kwa Afisa wa Farasi

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka huku ugenini, Hillbrow. Mama yako amepata kazi saluni huko Fordsburg. Lifti ya jengo letu bado ni mbovu, ila ngazi nazimudu.

Umeniuliza kama ukubali kutoa shukrani huko Ujerumani, kwenye ibada ya kumkumbuka yule baroni, bwana mkubwa wa Kijerumani na afisa wa jeshi la farasi aliyejenga kanisa la kijijini kwetu Tanzania.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, wajukuu zake walikuja kututembelea, na mchungaji, aliyesimamia pia shule yetu, akanichagua nisome shukrani. Nikakimbia kwa bibi yangu kujisifu.

"Mara ya kwanza alikuja na farasi," bibi akasema. "Akachoma maghala yetu. Mama yangu na kaka zangu wawili wakafa kwa njaa. Kanisa alilijenga baadaye."

Nikamwambia mchungaji kwamba sitasoma. Akajibu, "Basi utafute shule nyingine." Nikasoma. Wageni wakapiga makofi, na mama mmoja wa Kizungu akanizawadia gauni jeupe.

Bibi alikuwa amesimama nje ya dirisha la kanisa, akasikia kila neno. Hakunigombeza. Niliporudi nyumbani nimevaa lile gauni, alinitazama, akasema, "Limekukaa vizuri," kisha akaendelea kupepeta mahindi.

Sikuamulii, mjukuu wangu. Nakueleza tu yaliyonipata. Bibi aliishi miaka mingine tisa, tukila pamoja katika sahani moja, na hakunisimulia tena jambo lolote la watu wetu.

Ni mimi bibi yako,
Tumaini