Macho Hayafuati Jina

Jumatano, Agosti 1986. Mvua tangu asubuhi na baridi ya kuuma vidole, lakini nina furaha mpaka mwandiko unapinda.

Nianze mwanzo. Cucu, mama yake Mama, alikufa akiwa kipofu. Ugonjwa wa sukari ulimharibia macho. Mimi ni binti wa pili, kwa hivyo kwa desturi yetu nilipewa jina lake, Wairimu, na Mama huniita "mama yangu". Nyumbani waliamini kwamba anayebeba jina hubeba na macho. Ndiyo maana tangu utotoni nakunywa chai bila sukari na kutafuna karoti kama sungura.

Na Mama? Mama mwenyewe ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tano. Hakuwahi kupimwa macho. Alidhani balaa ilimruka ikatua kwangu.

Muhula uliopita, Kidato cha Tatu, tulisoma urithi katika Bayolojia. Nilirudia ukurasa ule hadi ukachakaa. Tunachorithi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto wake. Hakiulizi jina.

Kama Cucu aliacha udhaifu wa macho, wa kwanza kuupata ni Mama.

Wiki tatu nilishindwa kusema. Mimi ndiye yule anayejua jibu darasani na hainui mkono. Jumapili nikaandika barua kumwomba Mama akapimwe macho, nikaificha ndani ya pakiti ya unga wa chapati. Mama akanijia na mikono myeupe.

"Wewe, mama yangu, tunaishi nyumba moja na unanitumia posta?"

Akacheka. Kisha akasema tutaenda.

Leo tumeenda hospitali. Daktari alimtia matone, akasubiri, akamchungulia kwa taa ndogo. Mimi nilitazama viatu vyangu tu.

"Mama, macho yako ni mazima," akasema. "Lakini kwenu kuna udhaifu huu, kwa hivyo usilegee. Tunza sukari yako, na urudi kila mwaka. Kurithi udhaifu si kurithi upofu."

Halafu akanigeukia. "Na wewe uwe unapimwa sukari. Si kwa sababu ya jina. Ni kwa sababu ya huyu aliyekuzaa."

Tukirudi, matone yalimtia Mama ukungu machoni. Nilimshika mkono kama tulivyokuwa tukimshika Cucu, na hofu ikanirudia kidogo. Lakini jioni aliketi mlangoni akichagua maharagwe, akainua moja juu.

"Hili limeingiwa na mdudu. Naona mpaka mlango wake!"

Tulicheka hadi maharagwe yakamwagika.

Baadaye akanimiminia chai na kutia kijiko kizima cha sukari. Cha kwanza tangu nizaliwe katika nyumba hii.

Kusema kweli, ilikuwa tamu kupita kiasi. Niliinywa yote, yeye akinitazama.

Kesho nitaomba nusu kijiko.