Kwato za Kulungu kwenye Uwanja wa Farasi

Jumatano, 14 Oktoba
Yamechanua! Nikielekea ofisini nimeona doa la rangi ya waridi kwenye tope kavu la mbuga. Nikadhani karatasi ya peremende. Nikainama — ua. Halafu jingine, na jingine, hadi kwenye vichaka.

Ni zile dungusi ndogo, jamii ya kaktasi, tunazoziita kwato za kulungu. Siku za kawaida hazionekani: ziko sawa na ardhi, rangi ya ardhi, nyota ya vijipembe visivyo na miiba, katikati kisufi kidogo. Kiangazi hujivuta chini, vumbi likazifunika. Na ua ni kubwa kuliko mmea wenyewe. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 15 Oktoba
Furaha imeingia mchanga. Jumamosi greda linatoka mjini Matehuala kuja kukwangua mbuga hiyo hiyo, iwe uwanja wa mbio za farasi za sikukuu. Don Filemón, mwenyekiti wa ardhi ya pamoja ya kijiji chetu, ndiye bosi wangu; mimi ni karani wake. Farasi wake ndiye anayetarajiwa kushinda. Nimefanya mazoezi ya kumwambia mbele ya kioo. Kioo chenyewe kimenitisha.

Ijumaa, 16 Oktoba
Nimemwambia. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Karani, nimechunga mbuzi pale tangu utoto. Hapaoti kitu."

"Yanachanua siku chache tu, mzee. Ndiyo hizi."

Binamu yangu Chayo, anayeuza gordita, vikate vinene vya mahindi vyenye maharage, mlangoni mwa ofisi, akadakia: "Si uende ukaone, mzee? Au unaogopa maua?"

Ofisi nzima ikacheka. Don Filemón hakucheka. Greda litapita, akasema, na mimi nikiipenda kazi yangu nikae kando.

Sijala. Lakini moyo unaruka kama niko harusini.

Jumamosi, 17 Oktoba
Naandika nimekaa chini katikati ya mbuga, penye nafasi ya mtu mmoja tu isiyo na ua. Jua limepanda, yote yamefunguka, waridi hadi mwisho wa macho. Nyuki wamelewa. Greda linanguruma pembeni. Dereva anatafuna gordita, anasema hasogei mpaka mwenyekiti aamue. Bado nacheka.

Don Filemón ameshuka garini. Anakuja, uso umekunjwa. "Karani, inuka hapo." Hatua moja. Ya pili. Amesimama. Ameinua buti la kulia, anatazama kushoto, kulia, nyuma yake: kila pa kukanyaga pana ua.

"Shusha mguu basi, mzee," Chayo anamwita kutoka barabarani.

Buti bado liko hewani —