Haikuwa Saumu, Hamisi

Rafiki yangu Hamisi,

Bado wanasema uliuawa na vita. Juzi, kwenye hitima ya jirani yenu, mzee mmoja alikuombea pamoja na wale waliopigwa risasi mtaani Kinama siku uliyokufa. Nilingoja amalize dua, maana hata sisi Wakristo tuna adabu, kisha nikasema: huyu mtoeni humo, risasi haikumgusa. Watu wakatazama mikeka. Nyuma ya pazia nikamsikia mkeo Mariamu akisema, "Ni kweli."

Wewe unajua ilivyokuwa. Ulikuwa chini ya teksi, pale gereji yako Cibitoke. Jeki ikateleza, gari likakubana tumbo. Tulipokuvuta ulisimama mwenyewe, ukajipangusa suruali. Ilikuwa Ramadhani. Nilikupa maji, ukanicheka: "Mwalimu, we unatafuta tu mutu wa kula naye mchana." Nusu saa baadaye hukuweza tena kusimama, nikakupeleka hospitali kwa nguvu.

Chumba cha dharura kilijaa majeruhi wa Kinama. Utaratibu wao kila mtu aliujua: anayetoka damu apite, anayepiga kelele apite, aliyenyamaza akae kwenye benchi. Wewe ulikuwa na kofia yako kichwani, midomo mikavu, jasho la baridi usoni. Muuguzi alikutazama kutoka mlangoni. "Huyu amefunga," alisema. "Akifuturu atapata nguvu." Nilibisha. Daktari aliyekuwa akipita akasema vilevile, tena akaniomba nisiwacheleweshe. Hata mzee aliyekaa kando yako alikusifu kwa kuilinda saumu yako. Na wewe, Hamisi, ukajisogeza ili machela ipite, ukaniambia polepole: "Mi nitangoja. Wacha wa damu wapite."

Damu ulikuwa nayo. Ilikuwa inamwagikia ndani.

Adhana ya magharibi ilikukuta umeegemea bega langu. Nilikuita ufuturu.

Nyumbani Mariamu alikuwa amekwisha kuufunika uji wako.

Tangu siku hiyo sijanyamaza, na kama ungekuwapo ungeniziba mdomo kwa kitambaa cha grisi. Niliandika. Nilibandika karatasi zangu kwenye lango la hospitali. Walizibandua, nikabandika nyingine. Mkurugenzi akaniita. Akanieleza habari za vita, uchache wa madaktari, dawa zisizofika. Yote kweli, na nilimwambia ni kweli. Kisha nikamuuliza: ni vita gani iliyomzuia mtu kumshika Hamisi mkono na kusikiliza mshipa wake? Inachukua muda mfupi kuliko kusema "amefunga." Akaniuliza kama nataka muuguzi afukuzwe. Nikasema apana. Ukimfukuza huyo, atakayemfuata atajifunza kuficha, na benchi litabaki lilelile.

Wapo walionitia hasira kuliko mkurugenzi. Ni wale waliokuja kuniambia niache, siku yako ilikuwa imefika. Mimi sibishani na Mungu. Nabishana na wanaomtwisha Mungu kazi ambayo wao hawakuifanya.

Sasa nikupe habari ambayo hungeiamini. Yule muuguzi alikuja matangani. Alikaa kwenye mkeka na wanawake, akamwambia Mariamu mbele ya wote: "Mama, sikumugusa. Nilitazama kofia tu."  Mariamu akasogea, akampa nafasi akae vizuri. Hakumwambia amesamehe. Alimwambia: "Basi rudi kule, ukawaguse wengine."

Na amerudi. Sasa muuguzi mmoja anapita kwenye benchi lote, anashika kila mkono, anapima presha, na akifika mwisho anaanza tena, kwa sababu mtu aliye mzima sasa hivi anaweza kuwa anakwisha baadaye. Kuna siku risasi zikilia mtindo huo unavunjika, nami naenda kugombana upya. Imamu wenu naye, baada ya mabishano ambayo ungeyafurahia sana, alitangaza baada ya swala ya Ijumaa kwamba mgonjwa akiambiwa anywe, anywe, na akiwa na maumivu ayaseme.

Ramadhani iliyopita waliletwa majeruhi wengi. Kwenye benchi alikuwapo fundi cherehani wa Mutakura, midomo mikavu kama yako, aliyeanguka kutoka juu ya paa. Alikuwa akisema ni njaa tu. Yule muuguzi aliyekuja matangani alimshika mkono, akabadilika uso, akasimamisha machela iliyokuwa ikipita. Wakamwingiza. Huyo fundi yu hai. Anasema ni kudra, nami nimemwacha aseme, lakini nimemtajia jina lako.

Mariamu anakusalimu. Gereji ameiendesha vizuri, na mafundi wanamwogopa kuliko walivyokuogopa wewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi hili: popote watakapokuweka kwenye hesabu ya vita nitakutoa, hata kama ni katikati ya matanga, hata nikibaki peke yangu ninayesema. Nawe pumzika. Ulikuwa mtu wa kupisha wengine. Ubishi niachie mimi.