Picha Nne Nyuma ya Kabati

Kathure,

Chai iko kwa thermos, viazi vitamu nimevifunika jikoni. Ukiondoka, funguo mwachie Mama Muthomi hapo jirani. Nimeenda Timau kuchukua mbegu. Nikirudi jioni utakuwa umeshafika Nairobi.

Asubuhi ulipozitoa zile picha nyuma ya kabati ukaniuliza, "Baba, kumbe ni wewe ulikuwa unazinunua?" nilijifanya nasikia ng'ombe akiniita. Nisamehe. Ni mimi. Nilikuwa namtuma binamu yako Gikunda kwenye maonyesho yako, nikamkataza kutaja jina langu. Ningeanzia wapi, mimi niliyekuambia kuchora si kazi?

Kusema ukweli, hizo duara na pembetatu zako sizielewi. Ile ya mraba mweusi peke yake nimeikazia macho mpaka yakauma. Lakini chini umeandika kwa penseli 6/25, na Gikunda akanieleza kwamba ulichapa nakala ishirini na tano tu, kila moja ukaitia namba na sahihi kwa mkono wako. Hiyo K unayoivuta mkia nilikufundisha mimi, hapa hapa mezani. Miaka mitano tuliyonyamaziana, mwandiko huo ndio niliokuwa nao.

Nilikuwa nimeandika hapa ukae mpaka Jumapili, nikafuta. Una kazi yako.

Ila kabla hujatoka, geuza karatasi hii uniandikie kitu. Chochote, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako