Mapatano ya Wapulizia Dawa ya Mbu

Jumatatu, 4 Machi 1957

Ninaandika kwa sababu sina mtu wa kuzungumza naye. Nikipita mtaani jioni, wacheza karata hushusha sauti – karani wa Wazungu huyo. Ofisini, Wazungu huniongelesha kuhusu majalada tu.

Leo, hata hivyo, Bwana Inspekta wa Kazi amenikabidhi shughuli yangu ya kwanza. Mwezi wa Novemba, wapulizia dawa ya mbu wa serikali walipatana na mkuu wa idara yao kwamba walipwe nyongeza waliyocheleweshewa. Pande zote zilitia saini. Hakuna kilicholipwa. Nimtake mkuu huyo anipe tarehe. La sivyo, nipeleke ripoti makao makuu, Elisabethville. Nitaitimiza kwa ukamilifu.

Jumatano, 6 Machi

Nimewafuata wapulizia Musonoi, kwenye madimbwi. Kapita wao, yaani msimamizi, ambaye kwa heshima wanamwita tata Ngeleka, alitua pompi yake ya dawa kutoka mgongoni.

– Tulitia saini, tukapeana mikono, tukarudia ku nyumba na njaa ile ile. Bibi yangu ananiuliza kama ile karatasi tuipike na majani ya sombe.

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka – nikachelewa kidogo, wakanyamaza.

Nikaeleza kwamba hawaruhusiwi kuingia ofisini bila kuitwa. Basi waje kwangu Jumamosi, saa kumi alasiri, niwasomee jibu.

– Kwako, karani? Mpaka ndani?

– Mpaka ndani.

Akaninyooshea mkono wenye dawa. Nikaushika.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu wa idara amenipokea, mimi nikiwa nimesimama. Amesema kasma ni finyu, na watu wa pompi ni wavumilivu. Nikamwomba tarehe. Nikaomba tena, kwa heshima.

Ndipo akauliza habari za ombi langu la karte ya mérite. Yeye ni mjumbe wa kamati inayoitoa hati hiyo! Ndiyo inayoamua ni Mwafrika gani ahesabiwe kuwa mstaarabu: hukagua nyumba, sahani, na watu anaoandamana nao. Tangu nimalize shule kwa mapadri sijatamani kitu kingine.

Akasema ripoti ni jambo zito kwa kijana. Akasema jalada langu linapendeza. Kamati itakuja kwangu kesho, saa kumi alasiri, ione nani hukaa mezani pangu.

Nikajibu: Ndiyo, Bwana.

Ripoti nimeiandika. Lugha safi, hoja zimepangwa. Haijatumwa.

Jioni nimekwenda kwa tata Ngeleka, nibadilishe saa. Hayupo. Mke wake, mama Mianda, alikuwa akipiga pasi shati jeupe.

– Ameenda kuazima benchi ku parokia. Anasema kwako hakutatosha viti, bote banakuja. Wa hapa mtaani pia banataka kusikia. Ulikuwa na neno, tata?

Makaa yalilia ndani ya pasi. Hajawahi mtu kunyooshewa shati kwa ajili ya kuja kwangu.

Nikamwambia hapana, nilikuwa ninapita tu.

Kesho, basi. Saa kumi alasiri.