Kijiji cha Ujamaa Kule Ufaransa

Frogtown, Saint Paul,
Minnesota

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma mbele, maana nakujua, utamaliza barua yote ndipo ukumbuke. Mguu wako vipi? Mvua imewafikia? Huku theluji imeyeyuka, limebaki tope tu, nami ni mzima.

Nianze na lililokunyima usingizi: sirudi. Yale niliyokuambia kwenye simu nikilia, kwamba nikianguka somo la jiografia udhamini unakatwa na napandishwa ndege, yamepita. Nimepata B, na B inatosha. Pumua, Baba. Mimi nilipumua hadi nikalala na viatu.

Sasa nikueleze, maana nusura niharibu mwenyewe. Profesa wetu aliandika majina ya vijiji kwenye vikaratasi, kila mwanafunzi akaokota kimoja, akieleze mbele ya darasa: kiko wapi, kilianzaje, kimekuwaje. Mvulana mmoja wa Anoka, mji mdogo hapo juu ya mto, akaokota kijiji cha Uganda. Mimi wa Singida nikaokota Courvelles, kijiji cha wakulima wa ngano kule Ufaransa. Nikasema haya, ndiyo kudra.

Kifaransa sijui, nilikuwa nadonoa donoa kwa kamusi. Ramani ikaonyesha nyumba zote zimebanana kuzunguka kanisa, na mashamba yote nje, wazi, bila hata ua mmoja. Halafu kila ukurasa neno ni lile lile: commune, kama lile la Kiingereza la watu wanaoishi na kumiliki mali pamoja. Barabara ya commune, msitu wa commune, malisho ya commune. Baba, nilipiga kelele maktabani! Nyumba zimesogezwa pamoja, msitu ni wa wote, hiki si kijiji cha ujamaa hiki? Nikaandika mbio mbio. Meya wao nikamfanya mwenyekiti kama ulivyokuwa wewe, na kengele ya kanisa nikaifanya ya kuwaita watu shamba la pamoja. Nilifurahi mno. Miaka yote watu wanakusema kwa ule uhamisho wa kuwapakia watu lori na kuwakusanya kijijini, kumbe hata Wazungu walifanya na wakaweza!

Jumapili kabla ya siku yenyewe nikampelekea Papa Kabeya kazi yangu anisahihishie majina ya Kifaransa. Huyu ni Mkongo wa Lubumbashi, dereva wa teksi, anakaa chini ya chumba changu, na Kiswahili chake ungekisikia ungecheka wiki nzima. Akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

"Mama, nani alikwambia hawa batu banalima pamoja?"

"Si wanaishi kwenye commune?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Commune ni administration tu, mama! Miye nilizaliwa mu commune ya Kenya, kule kwetu Lubumbashi. Hatuyalima pamoja hata siku moya! Ule maire, meya yao, anaolesha bibi na bwana, anaandika batoto. Jembe hayui."

Kumbe ni ngazi ya chini ya serikali yao, basi. Nikamwambia, "Papa Kabeya, nimekwisha."

"Hauyaisha. Ikala, tusome."

Tukasoma kutwa, yeye akinitafsiria neno kwa neno. Ardhi ile ni ya chokaa, mvua ikinyesha maji huzama yote, na kisima cha kuaminika kilikuwa pale kanisani tu. Ndiyo sababu nyumba zikabanana, tangu enzi za mababu zao. Zamani walipumzisha mashamba kwa zamu, na baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima ililishwa mabua bila kujali mpaka, lakini kila mtu na ghala lake. Baadaye vishamba vikaunganishwa ili trekta zipate kugeuka, wakulima wakabaki wachache, vijana wakaenda mijini, shule ikafungwa. Nikaandika upya yote.

Siku ya siku profesa akauliza, "Nani aliwakusanya watu hawa mahali pamoja?"

Nikajibu, "Maji."

Nikawasimulia na kosa langu, wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikawasimulia lori za kwetu, na wewe uliyepewa amri ukaipitisha nyumba kwa nyumba. Hapo hawakucheka. Profesa akaniuliza kwa upole tu, "Na kule mlikotolewa, maji yalikuwa wapi?"

Baba, najua kina cha kisima cha Courvelles, lakini cha kwetu cha zamani sijui hata kama kilikuwa kisima au kijito. Nilizaliwa baada ya lori. Nadhani A yangu iliishia hapo. Ila ameniruhusu muhula ujao niandike juu ya kwetu, na nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Kwa hiyo nimebaki, na wa kwanza kumuuliza ni wewe. Sikuhukumu. Ulikuwa kijana na uliamini. Ni vile tu hujawahi kutuambia, nasi tuliogopa kuuliza.

Nisalimie shangazi Mwajuma, na mdogo wangu Saidi, asidhani masomo ni bahati kwa kuwa dada yake amebahatika. Na Bibi, mama yako, mshike mkono umwambie nampenda. Kisha muulize, akiota yuko nyumbani, anaota nyumba ipi. Anza kuniandikia hapo.

Mwanao aliyebakizwa na B,
Tatu