Jino la Mapengo Linacheza

4 Februari

Mwanangu Mapengo,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila kinywa kimebaki ukumbi mtupu. Lile jino la chini, la mwisho kabisa, limeniaga juzi nikiwa kazini. Unajua sisi mafundi viatu: mikono imebana soli, misumari iko kwenye meno. Sasa naibana kwa ufizi, na mteja mmoja kacheka mpaka kaondoka bila kiatu chake.

Na wewe, gego lako vipi? Bado linakunyima usingizi? Sukutua maji ya chumvi. Halafu uje, mwanangu. Simu siisikii vizuri, na barua haina sura. Nataka kukuona.

Baba yako


20 Februari

Shikamoo baba,

Nimecheka peke yangu mbele ya pasi mpaka dobi mwenzangu kaniuliza kama nimerukwa na akili. Pole sana kwa jino. Lakini gego gani, mzee? Lile liling'olewa zamani, na wewe ndiye uliyenipeleka, ukaanza kuzirai kabla yangu! Au unanichokoza? Wewe na mizaha yako hamwachani.

Hoteli imejaa wageni, mashuka hayaishi. Msimamizi kaniahidi likizo mwezi wa sita. Nivumilie.

Mwanao, Mapengo


2 Aprili

Mapengo,

Hujambo? Unakula? Mwalimu wako ananiambia unashinda darasani ukilisukuma jino la mbele kwa ulimi. Acha hiyo tabia! Na wenzako wasije wakalifunga uzi kwenye kitasa cha mlango. Likiwa tayari nitaling'oa mimi kwa kitambaa, hata hutasikia. Usilie, litaota jingine.

Ya kwangu ndiyo hayaoti, sijui kwa nini. Nilidhani nayo ni ya utoto. Jirani yetu muuza mkaa nikimweleza habari zako ananitazama tu. Siku hizi watu wamekuwa wagumu kueleweka.

Baba yako


19 Aprili

Shikamoo baba,

Ama kweli mzee hufi leo! Barua yako nimewasomea wenzangu wote wa chumba cha kufulia, tumecheka mpaka mashuka yakaungua. Haya, nami nakujibu: jino limeng'oka leo shuleni, nikiwa natafuna mkate. Damu imetoka kidogo tu. Sikulia. Mwalimu hajanirudisha nyumbani, kwa hiyo njoo unichukue!

Turudi kwenye ukubwa. Dobi mwenzangu kalazwa, likizo yangu imesogezwa hadi Desemba. Usikasirike, baba. Umri bado tunao.

Mwanao, Mapengo


11 Juni

Mapengo, mwanangu, uko wapi?

Sikuulizi hali, maana sijui hata kama barua itakukuta. Nilikwenda shuleni kukuchukua kama ulivyoniomba. Nilibeba na kitambaa kwa ajili ya damu. Wanasema hawana mtoto kama wewe. Nimewaambia ana pengo hapa mbele, ni rahisi kumjua. Wakaniletea watoto, mmoja mmoja, kila mmoja ana pengo, na hakuna wewe. Mwalimu mkuu kanikalisha kitini, kanipa maji kama mgonjwa. Hata lango wamelibadilisha rangi, nikapotea kutoka.

Muuza mkaa ndiye aliyenirudisha nyumbani. Anasema wewe ni mtu mzima, una ndevu. Watu wana roho mbaya jamani. Kwa nini wanichezee hivyo? Mwambie aliyekuficha akurudishe, sitamfanya kitu.

Baba yako


24 Juni

Baba,

Shikamoo. Usiende tena shuleni. Sijapotea, sijafichwa. Nilidhani unatania, nami nikatania. Sasa hata sijui nikuandikie mimi mtoto au mimi mkubwa, ni yupi atakayekufikia. Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara nainuka kama mtu aliyepigwa rungu.

Msimamizi akatae, akubali, mimi nakuja. Nisubiri nyumbani, baba yangu. Nisubiri tafadhali.

Mwanao


7 Agosti

Ndugu mgeni,

Salaam. Natumai ulifika salama. Anwani yako kaniandikia muuza mkaa, anasema umekwenda kuaga kazini na utarudi. Karibu tena. Ulinipikia uji, ukanifulia shati, hukutaka hata senti. Lakini ulipokaa pale kwenye kigoda ukalia, nilitahayari, maana sikujua unamlilia nani na sikupenda kuuliza. Kama umefiwa, pole sana ndugu yangu.

Nami nina langu. Nina mtoto mchanga wa kiume. Ufizi umemvimba, jino la kwanza liko njiani, analia na mimi sijui nimfanyeje. Wakati mwingine namsikia lakini simwoni alipolala. Jambo linalonitia hofu ni moja. Kutwa niko kazini, na nikirudi ananikodolea macho kama hanijui. Wewe unaonekana mtu wa kuelewa watoto. Niambie kweli, usinifiche: huyu mtoto atanijua?

Fundi viatu


15 Agosti

Ndugu yangu fundi,

Salaam nyingi. Nimefika salama, ahsante kwa kuniuliza. Sikufiwa. Kazi nimeaga, na Jumamosi nitakuwa hapo kwako, nitalala chumba cha nje kama utanikubalia.

Huyo mtoto usimhofie. Mpe kidole chako atafune, ndivyo meno yanavyotoka. Akilia na usimwone, niite mimi nitamtafuta, na nitampata. Najua alipo.

Umeniuliza kama atakujua. Nami naapa kwa Mungu, sikufichi: anakujua. Anakujua sana, na anakuja.

Ndugu yako